Jiko Moja, Karatasi Moja

Jumba la jiji nililijua kwanza kwa nje, kama watu wengi wa kwetu. Tukiwa wadogo, Krismasi ikikaribia, baba alitupitisha hapo jioni tuone taa. Tulisimama ng'ambo ya barabara, vichwa nyuma, midomo wazi, halafu akasema haya, twendeni. Hakuna aliyeuliza kama tunaweza kuingia. Sisemi hivi kwa kulalamika. Labda mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu, ni sisi tu hatukuujaribu.

Nilipoingia mara ya kwanza nilikuwa tayari mtu mzima. Ni miaka ile ya elfu mbili na kitu, watoto wa msingi wamerudi shule bila karo, na kila mwenye simu anafleshi tu na kukata, hapigi. Nilikuta sakafu iliyong'arishwa mpaka nikatembea kama mtu anayevuka matope. Nilikuta milango mirefu, utadhani waliijengea watu wanaobeba ngazi kichwani. Palinukia nta ya sakafu, na vumbi la karatasi, na chai ya mtu fulani ambayo sikuwahi kuiona.

Nimejaribu kuandika habari za jumba hilo mara kadhaa. Kila mara naanza na sakafu na milango, halafu kalamu inasimama, kwa sababu ninachokumbuka hasa si jumba. Ni swali moja nililoulizwa ndani yake, mbele ya watu, na jibu nililotoa. Wifi yangu alikuwa amesimama karibu nami, na jibu langu ndilo lingempa nafasi ya kibanda au kumnyima. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikizunguka sana katika kueleza, mnivumilie. Nataka kila mtu apate haki yake hapa, na haki ni kitu cha kuchosha kuandika.

Nilikuwa nauza nguo za watoto kule Riruta, za mitumba, nimezitandaza juu ya turubali kando ya barabara. Wifi, mke wa marehemu kaka yangu, alikaanga mandazi hapo hapo jirani yangu. Tuliishi ploti moja, vyumba viwili vilivyopakana, ukuta mwembamba kiasi kwamba mtoto akikohoa kwake ninayeamka ni mimi. Kaka alipokufa wifi alikaa siku nyingi bila kuwasha moto. Nikawachukua watoto wake wawili, msichana na mvulana, wakala kwangu. Baadaye akaja yeye pia na sahani yake. Hatukukaa chini tukakubaliana. Ikawa hivyo tu: leo unga wake, kesho mboga yangu, na sufuria ni moja. Mimi sikuolewa, wala sikujaliwa mtoto. Siwezi kusema niliwafanyia wema tu. Nilipata na mimi.

Sasa ni lazima nieleze desturi yetu sisi akina mama wa barabarani, maana bila hiyo hutanielewa. Watu wanaokula pamoja tuliwaita jiko moja. Mtu akifiwa, mchango ulikuwa kwa jiko: kila jiko pakiti ya sukari, kila jiko unga wa uji. Hatukuhesabu vichwa, kwa sababu kuna nyumba ina vichwa vingi na sufuria yenyewe ni maji tu. Jiko la biashara halikuhesabiwa. La wifi la mandazi lilikuwa la biashara. Jioni lilipumzika nje ya mlango wake, limefunikwa na karai.

Basi tukaambiwa barabara itapanuliwa, na sisi tuliokuwa kando yake tutapewa vibanda kwenye soko dogo jipya, vibanda vya paa na mlango wa kufuli. Shida ilikuwa kwamba vibanda ni vichache kuliko sisi. Kwa hivyo kura ya kuchota karatasi ingepigwa mjini, ndani ya jumba la jiji, mbele ya karani.

Karani huyo tulienda kumwona kwanza sisi wachache, tusikie mambo yatakavyokuwa. Alikuwa mzee wa pwani, kofia nyeupe, Kiswahili kimetulia kama maji ya mtungi. Sisi tukizungumza alifumba jicho moja, kama mtu anayeumwa na jino, lakini hakumcheka mtu. Alituambia, "Mama zangu, mimi nitasimamia karatasi tu. Nani anachota na nani hachoti, hayo mkayamalize wenyewe. Mkiniletea ugomvi hapa, nitafunga dirisha niende nikasali."

Tukatoka, tukakaa kwenye ukuta mfupi wa bustani pale nje, na hata hatukupumzika. Tukaanza.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa viazi, mwanamke wa sauti kubwa na roho, nafikiri, kubwa vile vile. Alikuwa na wake watatu wa wanawe, wote wakiuza kando ya barabara ile ile, na wote wakipika kwake. Akasema kila anayeuza achote. Watu wakanyamaza. Unajua ule unyamavu wa wanawake ambao kila mmoja anafunga upya kitambaa cha kichwa? Huo.

Nikasikia mtu anasema, "Jiko moja, karatasi moja." Mtu huyo alikuwa mimi.

"Dada," mwenyekiti akasema, "mbona unaongea ukiangalia viatu? Hebu niangalie ndio useme."

Wakacheka. Nikainua macho. "Nasema jiko moja, karatasi moja. Vile tunachangaga matanga."

"Na mimi nikipika na wake za vijana wangu, ni makosa?"

"Si makosa. Ni jiko moja."

Shosho mmoja aliyeuza mahindi ya kuchoma, mkubwa kuliko sisi wote, akagonga fimbo yake chini. "Huyu amesema. Tumbo likiwa moja, mkono uwe mmoja. Ama hao watoto wako watachota mpaka soko iitwe jina lako?"

Wakacheka tena, na mwenyekiti akacheka pia, ingawa shavu moja tu ndilo lililocheka. "Sawa," akasema. "Imepita. Lakini sheria ikishapita isirudi ikilia. Mmesikia?"

Tulisikia. Nikisema kwamba siku ile sikumfikiria wifi hata kidogo, nitakuwa nasema kweli, na hapo ndipo ninapokosa raha. Nilimwona mwenyekiti na watu wake watatu. Nilijiona mtu wa haki. Sheria niliiona ikienda upande ule tu, kama mtu anayefagia uwanja bila kujua upepo unatoka wapi.

Wifi hakuwa nasi, alibaki kukaanga. Jioni nikamweleza tukila, yeye akifinyanga tonge la ugali bila kulipeleka mdomoni.

"Kwa hivyo mimi na wewe ni karatasi moja."

"Ndiyo."

"Nani alisema hiyo maneno?"

"Tulikubaliana."

"Wifi. Nimeuliza nani alisema."

"Mimi."

Akala lile tonge. "Sawa," akasema, akamwambia mvulana asimwage mchuzi.

Haikupita wiki. Jioni moja nikamkuta amechuchumaa mlangoni kwake, jiko la mandazi limewaka, anakatakata sukuma wiki. Aliniambia bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Wifi, nimeanza kupika kwangu. Usijisumbue kunipimia unga." Nikasema haya. Nikaingia ndani, nikapika, nikapima unga ule ule wa siku zote kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Na watoto wakaja na sahani zao, kama kawaida. Msichana akanong'ona, "Tata, ya mum inanuka mafuta ya mandazi." Tata ni mimi, shangazi yao. Nikawapakulia. Upande wa pili wa ukuta hakuna aliyewaita. Kesho yake vile vile, na keshokutwa.

Nikaanza kujiuliza, na nikianza huwa siachi. Je, alihamisha chakula chake ili apate karatasi yake? Hilo ndilo lililonijia kwanza, na sijivunii kwamba ndilo lililonijia kwanza. Halafu nikakumbuka, msimu mmoja wa mvua, kabla hata ya habari za vibanda, aliwahi kuniambia akiosha miguu kwenye beseni, "Siku moja nitataka nipike kwangu, wifi, usininunie." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Labda haukuwa. Au ulikuwa, na kura ndiyo iliugeuza. Nilipanga nguo mezani, nikazipangua. Nilitoka nje kuangalia kama kuna maji kwenye mfereji, na nilijua hakuna.

Siku ya kura tulienda wote, mitandio ya kanisani, na sufuria. Sufuria ilikuwa ya kikundi, ile kubwa ya chai ya mikutano. Hatukuwa na ugomvi na sanduku la karani, hatukuwa tumeliona hata. Lakini mwenyekiti alisema kura yetu itachotwa kwenye chombo tunachokijua matako yake, na hilo hakuna aliyelipinga.

Mlangoni askari akatusimamisha. "Mathe, na hiyo sufuria? Mnakuja kumpikia meya?"

"Tukimpikia atakula?" mwenyekiti akamjibu. "Wacha tupite, tumechelewa."

"Funua kwanza."

"Funua wewe mwenyewe. Hakuna nyama."

Akafunua, akachungulia, akacheka mpaka kofia ikasogea. "Haya, pita. Lakini mkipika mniite." Askari wa nguo kama zake ndio waliotufanya tukunje turubali mbio mbio kule Riruta, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini dakika chache baadaye alimletea shosho kiti kutoka ndani ya ofisi fulani, akakipangusa kwa mkono. Naandika yote mawili.

Tukaambiwa karani yuko mkutanoni, tungoje kwenye ukumbi mwembamba wa juu. Tukakaa kwenye benchi refu la mbao, wengine wakakaa chini na kuvua viatu. Shosho, juu ya kiti chake kama bibi harusi, akaanza hadithi zake.

"Mimi hii nyumba naijua. Nilikuja hapa na bwanangu kulipia baiskeli. Siku hizo baiskeli ilikuwa na leseni, unafungiwa kibati. Yeye akaingia, mimi nikabaki nje nikishika baiskeli, isiibiwe."

"Na hukuingia, shosho?"

"Nani angeshika baiskeli? Nilisimama nayo mpaka miguu ikafa ganzi. Watu wakubwa wakipita, naangalia tairi. Nilikuwa nashangaa, huko ndani wanamfanyia nini? Akatoka, nikamuuliza, kuko aje? Akasema, kuko baridi."

"Baridi tu?"

"Baridi tu. Miaka yote hiyo nikajua hii nyumba ni ya baridi. Na ni kweli, hebu shika huu ukuta."

Wakaushika, mmoja mmoja, wakakubali. Mama mwingine akasema babake alikuwa akituma barua hapa kuomba nyumba ya jiji mpaka akazeeka. Mwingine akasema alikuja na shule kuona chumba cha madiwani, akaambiwa asiguse viti, akagusa. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha jumba lile, na karibu vyote vilikuwa vya nje ya mlango au vya dakika chache. Mimi sikuweza kuketi. Nilisoma matangazo yote ya ukutani, hata ya minada iliyokwisha kupita. Nilienda dirishani nikaangalia njiwa wakigombea kivuli cha mti. Nilirudi. Nilienda tena.

Wifi alikaa mwisho wa benchi, mikono ameikalia kama mtoto wa shule. Nikajibana karibu naye, kati yake na mmoja wa wake za wana wa mwenyekiti, aliyekuwa akitafuna njugu.

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Watoto walienda shule mapema?"

"Si uliwaona? Walikunywa uji kwako."

Alisema kwa sauti ya chini, bila kuwaza. Lakini yule mwanamke wa upande wangu wa pili aliacha kutafuna. Baada ya kidogo akainuka, akajinyoosha, akaenda kukaa karibu na mama mkwe wake. Nilimwona. Sikumlaumu, wala simlaumu sasa. Yeye alikuwa amekatazwa kuchota kwa sheria yangu. Ningekuwa yeye, ningeendelea kutafuna tu?

Karani akaja na kofia yake na uchovu wake, akatuingiza kwenye chumba chenye meza kubwa. Kuta zilikuwa za mbao, na juu yake picha za wanaume waliovaa joho na mkufu, wote wanaangalia juu kidogo ya vichwa vyetu. Akakunja karatasi mbele yetu, nyingine zenye namba ya kibanda, nyingine tupu, akazitia ndani ya sufuria na kuikoroga kwa mkono. Hilo liliwafurahisha watu sana. "Haya," akasema, "wanaochota wasimame."

Kila jiko likasimama. Nikasimama. Wifi akasimama.

"Ngoja kidogo, mwalimu," mwenyekiti akamwambia karani. Akamgeukia wifi, si kwa ubaya, nataka hilo lieleweke. "Mama, wewe umesimama na jiko gani?"

"Yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kupika."

Watu wakacheka. Wifi hakucheka. Mwenyekiti akasema, "Mimi wake za vijana wangu wamekaa chini pale, na wao pia wana mikono, waangalieni. Walikaa kwa sababu ya sheria. Sasa sheria si yangu. Mwenyewe yuko hapa, tumuulize." Akaniangalia. "Dada. Wewe husemangi uongo, hapa hakuna mtu hajui hiyo. Nyinyi ni jiko moja ama mbili?"

Nilisikia gari likipiga honi huko chini, mbali. Karani aliangalia saa yake. Nilifikiri mambo mengi kwa wakati mmoja, na hata leo sijui ni lipi lililoshinda. Nilifikiria wifi akiwa na kibanda chenye kufuli, mvua isimzimie moto. Nilifikiria wale watatu waliokaa chini. Nilifikiria pia, na hili ninaliweka hapa kwa sababu lilikuwepo, sahani mbili ndogo juu ya meza yangu.

"Jiko ni mbili," nikasema.

Nikamsikia wifi akishusha pumzi. Ningeweza kuishia hapo. Sentensi ilikuwa imekamilika, na ilikuwa ya kweli.

"Lakini watoto wanakula kwangu."

Chumba kizima kikasema eeh, ile eeh ndefu ya matangani. Wifi hakuniangalia. Aliwaangalia wanaume wa ukutani.

"Wanakula kwako kwa sababu unawaita," akasema.

"Siwaiti. Wanakuja."

"Na wakija, huwa unawarudisha?"

Shosho akasema polepole, na najua alimpenda wifi kuliko alivyonipenda mimi, "Mtoto akila huko, mama ni wa huko. Ndivyo tumekuwa tukihesabu. Pole, mwanangu."

"Mama zangu," karani akasema, "nina kikao kingine."

"Karatasi moja," mwenyekiti akasema. "Wachague nani atachota."

Nikasema achote yeye. Nilisema haraka. Nimejiuliza kama huo ulikuwa ukarimu au ni mtu anayekimbiza kitu kisimwunguze mkono. Wifi akasema, "Sitaki ya kuhurumiwa." Nikamwambia si huruma. Akaniambia ni nini basi. Ni shosho aliyemsukuma kwa fimbo, taratibu, mgongoni. "Chota. Mkono wa mwenye watoto una baraka. Enda."

Akaenda. Alikunja mkono wa nguo mpaka juu ya kiwiko, vile anavyofanya akikanda unga, akatia mkono ndani ya sufuria ile ya chai. Hakuharakisha. Nilimwona bega likizunguka, akipapasa chini kabisa, kisha akapanda juu, akachukua moja. Akaifungua.

Tupu.

Akaigeuza aone nyuma. Tupu. Halafu akacheka. Nilisubiri kicheko kiharibike kiwe kilio, hakikuharibika. Akamrudishia karani ile karatasi. "Shika, mzee. Hii ni yenu. Mtaandikia kitu kingine."

Karani akaipokea kwa mikono miwili. "Riziki ni mwendo, mama," akasema. Wifi akamwitikia vizuri.

Mwenyekiti alichota baada ya wengine kadhaa, akapata namba. Kuna waliosema mengi baadaye huko Riruta. Mimi nilikuwa hapo. Mkono wake ulikuwa wazi mpaka kwapani, na alifumba macho. Alipata kama wengine walivyopata. Na ni lazima niseme hili pia, kwa sababu watu hunifariji nalo: hata tungekuwa na karatasi mbili, huenda zote mbili zingekuwa tupu. Inawezekana. Hunifariji kwa kitambo, halafu naona ule mkono ukiingia kwenye sufuria mara ya pili, mara ambayo hatukupewa.

Waliopata walishuka ngazi wakiimba. Sufuria ilisahaulika mezani, karani akaniita, nikairudia. Kwa hivyo nilitoka kwenye jumba la jiji nikiwa na sufuria kichwani, na yule askari akauliza, "Mathe, chakula kimeiva?" Nikasema kimeiva.

Wifi alisema hataki gari, anataka kutembea kwanza. Nikamfuata. Tukapanda kilima hadi Hurlingham, yeye mbele, mimi na sufuria nyuma. Kando ya barabara walikuwa wakijenga maghorofa, vijana wa mjengo wamekaa juu ya matofali wakila mkate mkavu na soda. Wifi akasimama. Akamuuliza mlinzi wa lango, "Hapa kuna mtu analetea hawa mandazi?"

"Hakuna, mama. Wanakula vile unaona."

"Na nikikuja na yangu, utanifukuza?"

"Mimi? Mimi nitakuwa wa kwanza kununua."

Akaitikia kwa kichwa, akaangalia upande jua linakotokea asubuhi, akaangalia mahali pa kuweka jiko. Nilisimama pale kama mzigo. Tulipoendelea nikamwuliza, "Umekasirika?"

"Nimechoka."

"Nilisema ukweli, wifi."

"Najua. Wewe husemi kitu kingine." Akaenda hatua kadhaa. "Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza hata asubuhi, ningekwambia hao watoto nitawaita kwangu wakishazoea ile harufu. Sikutaka kuwavuta kama mbuzi."

Nilitaka kumwuliza kama alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, au kwa sababu yameshapita. Sikuuliza. Kwa mara moja katika maisha yangu nilinyamaza, na sijui kama hapo ndipo palipokuwa pa kunyamaza.

Jioni nikasonga ugali. Giza halijaingia vizuri, watoto wakaja mlangoni na sahani zao. Nilikuwa nimekwisha kuinua mwiko. Sauti ya wifi ikatoka nje, ya kawaida kabisa.

"Nyinyi wawili. Rudini hapa."

"Lakini mum," msichana akasema, "tata ameshapika."

"Nimeona. Mnakula kwenu."

Msichana akaniangalia, asijue sahani aielekeze wapi. Nikamwambia, "Nenda, mama anakuita." Mvulana alikuwa ameshaondoka, yeye tumbo lake halijui mipaka.

Nikakaa. Nikasimama. Kura ilikuwa imekwisha, hapakuwa tena na karatasi ya kugombania, na bado aliwasha jiko lake na kuwaita watoto wake. Kwa hivyo alilitaka kweli. Au alilitaka kuanzia siku ile, kwa sababu yangu. Nimepima huku na huku, na mizani haijawahi kutulia. Ninachojua ni kwamba swali lile lingesubiri mpaka jioni, ningejibu kwa neno moja: mbili.

Chumba kilinishinda. Nikachukua ndoo, nikatoka kana kwamba naenda mferejini. Ilinibidi nipite mbele ya mlango wake. Walikuwa wamekaa kulizunguka lile jiko, watatu, mvuke usoni, mvulana akipuliza mkono uliounguzwa na ugali. Wifi akainua kichwa akaniona. Akasogeza mguu ili nipate njia, na akatabasamu, kwa heshima, vile anavyotabasamu kwa mama wa chumba cha mwisho na kwa mwenye ploti.

"Karibu chakula," akasema.

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia neno hilo. Mtu wa jiko lenu humkaribishi, anavuta kigoda tu. Nilisimama na ndoo yangu, ugali wangu mzima ukipoa ndani.

"Asante," nikasema. "Nimeshiba."